Andika Ukifika

Mtu akikuambia kwamba posta ya Likasi ilikufa miaka ile ya tisini, mwambie anyamaze. Haikufa. Ilikuwa inavaa kofia ya bluu yenye ukingo uliopasuka, inatafuna vinkubala, wale viwavi wakavu tunaowapenda sisi watu wa Katanga, na ilikuwa na kiburi cha kukuudhi asubuhi na mapema. Nilifanya kazi ng'ambo ya barabara kutoka kwake kwa miaka mingi. Niliitukana mara nyingi, na mara moja niliitukana kwa haki kabisa. Lakini kufa? Hebu!

Nasema habari za mtu mmoja. Tulimwita Persepta, maana kwetu mkuu wa posta huitwa hivyo, na sijui kama kuna aliyelikumbuka jina alilopewa na baba yake. Zamani alikuwa na makarani sita chini yake. Mishahara ilipokoma, mmoja alienda kulima, mwingine akashika sururu kwenda kuchimba mawe ya shaba, mwingine akafungua kanisa la maombi kule Kikula, hivyo hivyo mmoja mmoja, mpaka akabaki yeye, kaunta na stuli. Mke wake aliuza samaki wa ziwa la Tshangalele sokoni, na hao samaki ndio waliomlisha. Watu walimwuliza kwa nini hafungi mlango akaenda zake.

"Weye uliona barua ya kufunga?" alijibu. "Barua ya kufunga ingepita hapa. Ningeiona."

Mimi nilikuwa Mama Foni. Asiyeijua foni nimweleze: ni redio ya kuongelea, yenye betri ya gari na waya mrefu juu ya paa. Mtu alikuja kwangu, nikaita Kolwezi au Kamina au Mwene-Ditu, na huko kulikuwa na mwenzangu mwenye redio kama yangu. Basi watu waliongea kwa zamu, huku foleni nzima ikisikiliza nani amezaa na nani amekimbiwa na mume. Nyaya za simu zilikuwa zimekatwa zamani. Foni ndiyo ilikuwa mambo ya kisasa, na mimi nilijiona haswa. Nilimwambia Persepta kwamba kadi zake za posta ni mambo ya mababu.

"Ile sauti yako inapitaka tu," alinijibu. "Kesho utamuonyesha nani?"

"Na kadi yako inafikaka lini, Papa? Unaandikia mutoto iko ananyonya, kadi inamukuta iko anaoa!"

"Inamukuta," alisema. "Umesema weye mwenyewe."

Hizo kadi alizikuta stoo, masanduku kwa masanduku, zimebaki tangu enzi za wageni waliokuja kutalii na kununua picha. Kulikuwa na bwawa la Mwadingusha likimwaga maji, ziwa la Tshangalele na mitumbwi, barabara yetu kuu yenye gari moja la kizamani, na, sijui ni nani aliyewaza jambo hili, shimo la mawe la Kakontwe. Shimo! Vumbi jeupe, lori, na mtu mmoja aliyegeuza mgongo. Za Kakontwe zilikuwa nyingi kuliko zote, maana nani atamtumia mwenzake shimo?

Msidhani alipenda kadi kwa sababu ya uzuri wake. Alikuwa na hoja, na ilinichukua muda kukubali kwamba ni hoja nzuri. Bahasha ikisafiri mkononi mwa watu wenye njaa hufunguliwa, maana kila mtu anadhani kuna noti ndani. Ikishafunguliwa, barua hutupwa. Kadi haina pa kufungua. "Iko uchi," alikuwa anasema. "Bantu banaisoma, banachoka, banaipitisha." Kwa hiyo treni ilipokuwa inakuja mara moja kwa mwezi, kama ilikuja, yeye alimtafuta msafiri, dereva wa lori, mama wa biashara, mtawa, yeyote, akamkabidhi kadi kama anavyokabidhiwa mtu mtoto mchanga. Na kila aliyeibeba alilazimika kuandika pembeni mahali alipoipokea. Mahali tu. Tenke. Bukama. Kamina. Hakutaka jina wala salamu. Kadi zilizorudi kwetu zilikuwa zimejaa miandiko pande zote, penseli, kalamu nyekundu, mpaka makaa. Persepta aliifuata njia kwa ukucha wa kidole gumba, akinung'unika, "Lubudi walikalia hii. Lubudi ni bavivu."

Na usumbufu wake, mama yangu! Kulikuwa na mstari wa rangi nyeupe sakafuni, wa enzi za foleni ndefu. Ulisimama nyuma ya mstari hata kama ulikuwa peke yako mle ndani, mpaka akuite. Aliita, "Anayefuata!" na huyo anayefuata ni wewe, na unayemfuata hayupo. Wino wa kashe, yaani muhuri wa posta, ulipoisha alivunja betri kuukuu, akachanganya ule unga mweusi na maji, akagonga muhuri wake kama kawaida. Stempu zilikuwa za bei ya zamani, hazikuwa na thamani hata ya punje ya mahindi, lakini alibandika moja kila kadi. "Kadi haitoke hapa kichwa wazi," alisema.

Tena alisoma kila kitu. Mtu aliyehubiri heshima ya posta kuliko mchungaji anavyohubiri Injili, alikuwa anasoma kadi za watu mbele yao wenyewe na kuwagombeza. Nilimsikia akimwambia mwanamume mzima, baba wa watoto, "Umeandika salamu nyingi mara tatu. Mama yako anataka kujua kama unakula. Unakula?" Yule bwana akasema anakula kidogo. "Basi andika kidogo." Na akaandika.

Yeye mwenyewe hakumwandikia mtu kamwe. Niliwahi kumwuliza. Akasema, "Nimuandikie nani? Bantu bangu bote beko kule ku ziwa. Nikipiga kelele banasikia." Niliona ni majivuno tu.

Kisha ukaja wakati ambao sisi wa Likasi hatupendi kuusimulia, na mimi nitausimulia, asiyetaka azibe masikio. Majirani zetu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa kufanya kazi migodini, waliambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Walizaliwa Panda, walizaliwa Shituru, mitaa ya hapa hapa, Kasai walikuwa wanaisikia kwa bibi zao. Vijana wenye marungu waliwatoa majumbani. Wakajazana stesheni na masufuria yao na magodoro yao, wakalala pale wiki kwa wiki wakingoja treni, na watoto wakafia pale.

Dada yangu mkubwa, Yaya Odeta, alikuwa ameolewa na mmoja wao, mwalimu wa hesabu, na walikuwa na watoto watatu. Watu wetu walimwambia abaki, yeye si wa kule. Akawauliza, "Na hawa batoto nitabakata katikati?" Akafunga mizigo.

Siku ya pili niliyopeleka chakula stesheni nilimkuta Persepta pale. Alikuwa amehamisha kaunta! Si kaunta nzima, ule ubao wa juu, ameuweka juu ya mapipa mawili, na ameweka kadi, stempu, kashe, na chini amechora mstari kwa chokaa. Watu waliopoteza nyumba zao wamesimama nyuma ya mstari, wanaitwa mmoja mmoja, "Anayefuata!" Kila familia aliwapa kadi moja yenye stempu tayari, anwani ya ndugu au jirani wa Likasi imeandikwa kwa mkono wake. Mpaka jioni Mwadingusha ilikuwa imeisha, ziwa limeisha, barabara kuu imeisha.

Vijana wakaja. Mmoja alimwambia, "Mzee, weye ni mutoto wa hapa. Unasaidia hawa juu ya nini?"

"Posta haiulizaka kabila," Persepta alisema. "Simama ku musitari."

Yule kijana akapiga teke ubao. Kadi zikamwagika matopeni. Persepta akainama, akaokota moja moja, akafuta kila moja kwenye koti lake, taratibu, mbele ya yale marungu. Alipomaliza akasimamisha ubao, akavaa kofia vizuri, akaita, "Anayefuata!" Wakaondoka wakitukana. Ningependa kusema kwamba yule kijana alirudi siku nyingine kuomba kadi. Hakurudi.

Odeta alipofika mbele, Persepta alimpa kadi iliyoandikwa jina la mama yetu. Nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia kila neno.

"Andika ukifika," alimwambia. "Haujafika, usiandike. Kadi ya njiani inaletaka tu wasiwasi."

"Ndiyo, Papa," Odeta alisema. Ndivyo alivyolelewa, mkubwa akisema kitu anakishika. Treni ilikuja baada ya siku nne. Alining'inia mlangoni akiwa amembeba mtoto wa mwisho, na ile kadi ameifunga kwenye kona ya kitenge chake.

Mama yetu alianza kwenda posta kila Alhamisi. Alisimama nyuma ya mstari, akaitwa, akauliza. Persepta aligeuka, akaangalia rafu nzima kutoka juu mpaka chini, na rafu ilikuwa tupu, kila mtu aliiona ni tupu, lakini aliiangalia yote. "Hapana, mama. Bado." Na mama akajibu, "Basi Alhamisi." Mvua ikaja ikaisha, ikaja tena. Mimi kwenye foni niliita Mwene-Ditu mpaka yule bwana wa kule akaijua sauti yangu. "Dada, beko bengi," aliniambia. "Beko mu madarasa, mu makanisa, pembeni ya barabara. Nitamujua namna gani?" Kwa hiyo mambo yangu ya kisasa yalinisaidia hivyo.

Mwaka wa pili mama aliacha kula. Kifua kilimbana, dawa hospitalini hazikuwepo, na midomoni mwake lilikuwepo jina moja tu. Basi nikavuka barabara. Nilisimama nyuma ya mstari, naapa, hata siku ile.

"Papa Persepta," nikamwambia, "uko na kadi, uko na kashe. Andika kama vile ni Odeta. Maneno mawili. Mama asikie, alale."

"Mama Foni, unataka nitie kashe ku uongo?"

"Nataka mama yangu afe na amani!"

"Akiniuliza kama ni mwandiko ya mutoto wake, nitasema nini? Hapana. Minye siwezi."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilimwita mchawi, nikamwambia amekaa juu ya maiti anaita anayefuata. Mama alikufa baada ya wiki tatu, Jumatano, yaani siku moja kabla ya kwenda kuuliza. Persepta alikuja matangani na kofia yake, akakaa na wanaume. Nilimwona. Nilipitisha maji kwa kila mtu nikamruka yeye, na sikuona haya.

Miezi minane sikumsalimu. Halafu asubuhi moja akavuka barabara. Huyu mtu hakuwa amewahi kuvuka barabara kuja kwangu, alisema foni inamuumiza kichwa. Alisimama mlangoni, akisubiri, kama vile na mimi nina mstari. Kisha akatoa kadi.

Ilikuwa bwawa la Mwadingusha, imelainika kama kitambaa. Pembeni zimejaa: Mwene-Ditu, Kaniama, Kamina, Bukama, Luena, Lubudi, Tenke. Na katikati mwandiko wa Yaya wangu: *Mama, lelo tumefika. Tuko na nyumba, ni ya matofali mabichi lakini iko na mlango. Batoto bote ni bazima. Nilikuwa nangoja kufika njo niandike.*

Niliisoma mara tatu kabla ya kuelewa. Lelo. Leo. Zaidi ya miaka miwili alikuwa ameishi darasani, halafu kanisani, halafu chini ya turubai, na kadi ipo kwenye kona ya kitenge, na treni zinapita, na yeye hajaandika kwa sababu kulala chini ya turubai si kufika. Aliambiwa andika ukifika. Alitii.

Nilimwinulia Persepta macho, nikakuta ameshavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara, sikujua. Alikuwa ameisoma njiani, bila shaka, alisoma zote.

"Ni minye," alisema.

"Ni weye!" nikapiga kelele. "Ni weye, Papa! Mama yangu alikufa juu ya hiyo sheria yako!" Watu wa foleni wakageuka. Alisimama pale na kofia mkononi mpaka nikachoka kulia. Kisha, na hapo ndipo nilipotaka kumpiga kabisa, akaingiza mkono kwenye koti akatoa kadi mpya na kalamu.

"Andika," alisema.

"Niandike nini?"

"Ile iliyo."

Ilikuwa Kakontwe, hakukuwa na nyingine tena. Nilifikiri kumdanganya Odeta. Kalamu ilikuwa tayari kuandika kwamba mama anamsalimu. Lakini yule mzee alikuwa amesimama juu yangu, na nilikumbuka alivyonikatalia mimi, nikaona haya kuandika kile nilichomwomba. Nikaandika: *Yaya, mama alituacha mbele ya mvua kuanza. Kila Alhamisi alikungoja. Hakukukasirikia. Minye pia hapana.* Hilo la mwisho halikuwa kweli bado, lilikuja kuwa kweli baadaye. Akabandika stempu, akagonga kashe na kuikandamiza muda mrefu.

Tangu siku hiyo sheria yake ilibadilika. Aliyeondoka Likasi alisikia akifokewa, "Andika njiani! Andika hata kama haujue uko wapi!" Na alifoka kuliko zamani.

Sasa ninyi mnaoshika simu kutwa, sikilizeni. Foni yangu ilikufa kabla ya posta yake. Ndiyo. Simu za mkononi zilifika, watu wakaacha foleni yangu ndani ya wiki moja, na betri yangu nikamwuzia dereva. Persepta bado alikuwa kwenye stuli. Alitoka pale macho yalipofunga, si kabla. Na Odeta tulipatana kwa simu, tunasemezana karibu kila siku, sitasema uongo kwamba si jambo jema. Ni jema. Ila juzi juzi alinitumia picha. Alikuwa anapanga sanduku lake, akaipiga picha ile kadi yangu ya Kakontwe, upande wa maandishi, na mimi sikuwa nimeiona tangu ilipotoka mkononi mwangu.

Nilienda kwa Persepta kwa miguu. Anakaa kwa binti yake, macho yana ukungu, kofia iko kichwani ndani ya nyumba.

"Ni nani?"

"Ni Mama Foni, Papa. Nimeleta kadi."

Akanyoosha mkono. Nikamwekea simu. Alipapasa kioo, akanirudishia. "Hii ni baridi. Nisomee pembeni."

Nikasoma. "Tenke. Pole, yaya. Lubudi. Pole sana, na siye tulizika mama. Luena. Mungu iko. Bukama. Nilisoma, unisamehe, pole. Kamina. Alikungoja, usilie sana. Kaniama. Pole, mama."

Watu ambao hawakutujua. Kila mmoja aliibeba, akaisoma, akaandika mahali, halafu akavunja sheria. Odeta alipoipokea, matanga ya mama yalikuwa yameshakaliwa njia nzima, na mimi miaka yote hiyo nilidhani alilia peke yake.

"Nilibaambia mahali tu," Persepta alisema. "Mahali tu. Bantu habasikiake." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Lubudi pia?"

"Lubudi pia, Papa."

"Kumbe. Geuza. Ni Kakontwe?"

"Haigeuki, Papa. Ni picha ya upande mmoja."

Alicheka mpaka akakohoa. "Haigeuki! Mama Foni, kitu yako haigeuki! Mwambie aitume yenyewe, niishike."

Nikampigia Odeta palepale, nikaiacha sauti wazi ili mzee asikie. Yaya wangu, ambaye maisha yake yote alisema ndiyo, Papa, safari hii alisema, "Ile kadi? Hapana. Papa anisamehe. Ile haitoke mu nyumba yangu."

Nilidhani mzee atakasirika. Badala yake akaniambia niangalie chini ya kitanda chake. Kulikuwa na sanduku la kadi za Kakontwe, nusu limejaa. Akaniambia nitoe moja, nikae, nishike kalamu, yeye ataniambia la kuandika. Miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo kadi ya kwanza kumwona akituma.

*Odeta. Ni minye nilikuambia vibaya. Weye haukukosa. Ile kadi usimupe muntu.*

Aliniomba nimwongoze mkono mpaka chini, akaweka sahihi yake. Stempu hakuna, kashe hakuna. Nikamwambia kuna mama wa kanisani kwetu anayepanda treni Jumamosi, atafika mpaka Kamina, na huko tutaona.

"Basi anza weye," alisema. "Pembeni."

Nikaandika pembeni, herufi ndogo: *Likasi.* Kisha nikaangalia kama anasikia kalamu, na kama wale wa njiani nikaongeza neno moja: *Pole.*